Majibu ya Damu Yamenifanya Niitwe Mwanaume Ukweni

Admin, jina langu libaki kwako. Mimi ni mwanamke wa miaka 31, nauza vitenge hapa Tunduma. Mume wangu ni wakala wa mizigo mpakani, tuna miaka sita ya ndoa na hatujajaliwa mtoto. Ndevu zinaniota kidevuni, na siku zangu huweza kupotea hata miezi mitatu.

Mwaka huu nikaenda kupima damu. Kipimo cha kwanza kikasema homoni za kiume ziko kawaida, mume wangu akasema najidekeza. Daktari hakuridhika, akaagiza kingine, kisha akanieleza: "Dada, kila mwanamke anazo hizi homoni. Nyingi zimeshikwa na protini ndani ya damu, hazifanyi kitu. Ni kama malori yaliyo kwenye foleni hapo mpakani. Sisi tunatafuta yaliyokwisha kuvuka." Yangu yaliyovuka yalikuwa mengi. Akasema wanawake wengi wana tatizo hili, dawa zipo, na mtoto naweza kupata.

Nilirudi nyumbani na furaha, mjinga mimi. Katika yote niliyomweleza, mume wangu alisikia "homoni za kiume" tu. Akampigia simu mama yake aliyeko kijijini Isongole, mbele yangu: "Mama, majibu yametoka. Ana za kiume."

Mama mkwe hakuchelewa kuja. Akaniketisha, akasema kwa upole, "Mwanangu, sisi hatukufukuzi. Ila mashangazi watakuja Jumamosi wakuangalie, tujue tumeoa nini."

Tumeoa nini! Mimi niliyemwogesha mama huyu alipovunjika nyonga. Nikamgeukia mume wangu, anayeujua mwili wangu kuliko mtu yeyote. Akaendelea kutazama simu yake, akasema, "Kubali tu, yaishe."

Nimemwomba twende wote kwa daktari akasikie mwenyewe. Kasema hana muda. Dawa nimeanza kumeza peke yangu, na kwa kweli nina uchungu ambao sijawahi kuwa nao.

Nikikataa, watasema naogopa kwa kuwa ni kweli. Nikikubali, nitavua nguo mbele ya mashangazi zake, halafu nilale kitanda kimoja na mwanaume aliyewafungulia mlango. Jumamosi ni keshokutwa. Ndugu zangu, nishaurini: nivue, au nifungashe vitenge vyangu niondoke?