Acha Ipumue Kwanza

Ninyi mliozoea kunisoma nikilalamika mtanivumilia, maana leo wa kulalamikiwa ni mimi. Habari ilinifikia asubuhi, kwenye kundi letu la abiria la simu, nikiwa nafunga kamba za viatu. Ilikuwa sauti ya mke wa dereva wetu. Alisema tu kwamba moyo wa mumewe umesimama, kwamba hospitali hawakuwahi, na kwamba leo tutafute usafiri mwingine. Marehemu alikuwa Mkongo wa Lubumbashi. Kila asubuhi alitutoa katikati ya Johannesburg, sisi wasusi, washonaji na wauza mitumba, akatupeleka Diepsloot kwenye vibanda vyetu, mizigo yetu ikifuata nyuma kwenye trela. Mimi nina kibanda cha fotokopi huko, kwa kuwa safu hii haijawahi kunilisha. Naona aibu kuandika hili, lakini jambo la kwanza lililonijia baada ya kusikia sauti ile halikuwa mjane wala watoto. Nilijiuliza kesho nitapanda nini.

Hakuwa mtu mpole, na sitamvika upole leo kwa sababu amelala kaburini. Alipenda mashati ya rangi kali na viatu vya kung'aa, akikusimulia jambo ni lazima ukubali kuwa yeye ndiye aliyelijua wa kwanza. Kombi yake ilikuwa ya dizeli, yenye tabo, yaani kile kifaa kinachosukuma hewa ndani ya injini ili injini ndogo ifanye kazi ya kubwa. Nguvu hiyo, alikuwa akiniambia mimi niliyekaa kiti cha mbele, haiji bure, inakuja na moto. Basi tukifika Diepsloot yeye hazimi. Anakaa, mikono kwenye usukani, injini inanguruma polepole, nasi tunatazamana. Kushuka tungeweza, lakini ufunguo wa trela ulikuwa kwenye shada moja na ufunguo wa gari, na mizigo yetu yote imefungiwa nyuma.

"Papa, eish, zima basi!" msusi wetu alikuwa akipiga kelele. "Kuna mteja ananingoja na nywele nusu!"

"Acha ipumue kwanza, mama. Imetoka kupanda mulima na trela. Nikizima sasa, ule moto utaenda wapi? Utabakia mule mule, uanze kukula joint ya culasse pole pole."

"Kila siku joint, joint! Mimi nasuka vichwa, sisuki joint!"

Gari zima lilicheka, na aliyecheka kwa sauti kuliko wote nilikuwa mimi. Hiyo joint ya culasse ndiyo tunayoiita gasketi ya silinda hedi, kipande chembamba kinachokaa kati ya kichwa cha injini na mwili wake, kikizuia moto, mafuta na maji visiingiliane. Ikiungua, maji yanaingia kwenye mafuta, moshi mweupe unatoka nyuma, na gari la riziki linageuka banda la kuku. Nilimsikia akiyaeleza haya mara nyingi kiasi kwamba niliacha kuyasikia.

Alikuwa na sababu ya kuogopa. Kabla ya kombi hii alikuwa na nyingine, na siku moja aliipakia kwaya ya kanisa lake kwenda kuimba harusini Pretoria. Njiani mshale wa joto ukapanda. Alitaka kusimama, lakini kwaya ilikuwa na zamu yake na bibi harusi hangoji, wakamwambia asonge tu, Mungu yupo. Alisonga. Mvuke ulipoanza kutoka ndipo akaegesha, na hapo watu wale wema wakashuka wote. Wakaweka mikono juu ya boneti, wakaomba kwa machozi, kisha kila mmoja akatoa chupa yake ya maji baridi ya kunywa na kuimimina kwenye injini iliyokuwa inawaka. Chuma cha moto kikapata maji ya baridi. Kichwa cha injini kikapinda, gasketi ikaenda, na yeye akarudi kulinda mlango wa duka la jumla mjini kwa muda mrefu hadi akapata gari jingine. "Injini yangu iliuawa na bantu bazuri," alikuwa akimalizia, akimaanisha watu wazuri, naye mwenyewe akicheka. Mimi kisa hicho nilikuwa nikikisimulia kwenye vikao kama kichekesho. Sikuwahi kufikiri kwamba sisi nasi tulikuwa kwaya nyingine, tunaomwambia kila asubuhi asonge.

Baada ya mazishi mjane alikuja kibandani kwangu, amejifunga kitenge cheusi. Leseni anayo, aliipata hata kabla ya mumewe, alipokuwa akiwaendesha watoto wa tajiri mmoja. Ila kombi hakuwahi kuigusa. Marehemu alimkatalia kabisa, na hilo nalo lilikuwa kosa lake, kwa sababu alijiona mwanamume pekee duniani anayejua kuongea na tabo.

"Papa wa gazeti," mjane aliniambia, "nitaendesha mwenyewe. Lakini hii injini ikikufa, mi na watoto tunaenda wapi? Weye ulikuwa unakaa naye pale mbele kila siku. Nionyeshe vile alikuwa anafanya."

Nilikumbuka mashati yake, nilikumbuka mizaha, ningeweza kumwigiza sauti mpaka watu wakashika mbavu. Lakini alikuwa akifanya nini, na kwa mpangilio gani, sikujua. Nimeandika safu kuwasema viongozi wasiosikiliza wananchi, na hapo nikamwambia mwanamke mwenye msiba kwamba nitamrudia, nikatoka nje nikijifanya napigiwa simu.

Ilibidi niwaite abiria wenzangu. Tulikutana kwenye saluni ya msusi, na kilichotuokoa kilikuwa ugomvi wetu wa zamani. Msusi alijua habari ya kuacha injini ipumue, kwa vile ndiyo iliyomkosesha wateja. Mshonaji, mama wa Kirundi, alikumbuka asubuhi za baridi kali za mwezi wa sita, miguu yake ikiganda, naye marehemu akitambaa barabarani mpaka mshale uanze kunyanyuka, akikataa kukanyaga mafuta juu ya injini baridi. Muuza viatu vya mitumba alikumbuka siku aliyotaka kumsaidia, akajaza rejeta maji ya bomba. Marehemu aliyamwaga yote, akaweka tena ile dawa ya kijani ya kupozea injini isiyoleta kutu, na hakumsalimia kwa muda mrefu. Zamu yangu ilipofika nikakumbuka ule mlima wa barabara kuu. Alikuwa akipunguza mwendo hapo nyuma ya malori, mimi nikimwonyesha saa ya simu yangu, naye akinionyesha mshale: ukivuka katikati tunaegesha, tunangoja ipoe, na mfuniko wa rejeta hakuna anayeugusa. Hakuna aliyekumbuka somo. Tulichokumbuka ni pale alipotuudhi, na kumbe alituudhi mahali pale pale palipokuwa na hatari. Msusi alianza kulia, nami nikatazama sakafu yenye nywele.

Tuliyaandika yote kwenye karatasi moja, nikampelekea mjane, naye akaanza kazi siku ya Jumatatu. Alikagua maji na mafuta injini ikiwa baridi, akatuondoa mjini polepole, na kwenye mlima akakaa nyuma ya lori. Simu yangu niliiacha mfukoni. Tulipofika Diepsloot hakuzima, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyelalamika. Mwishowe msusi, nadhani kwa mazoea tu, akasema kwa sauti ndogo, "Eish, mama, zima basi." Tukashtuka wote. Mjane hakugeuka. Mikono yake ilikuwa kwenye usukani vile vile kama ya mumewe.

"Acha ipumue kwanza," alisema.

Hakuna aliyecheka. Alipozima, alichomoa shada la funguo akanipa mimi nikafungue trela, kazi ambayo marehemu hakuwahi kumwachia mtu. Ndugu wasomaji, mtu anayewachelewesha kila siku mahali pamoja, muulizeni anaogopa nini. Mimi nilikaa kiti cha mbele miaka yote ile, na kitu pekee nilichowahi kumuuliza ni kwa nini hazimi.