Kigae Cheupe cha Kamera

Zamani kigae kilikaguliwa na jicho la mtu mwenye aibu zake, siku hizi kinakaguliwa na chombo ambacho kikikosea hakisikii hata haya.

Katika kiwanda chetu cha vigae jicho lenyewe lilikuwa la dada mmoja, nasi tukamwita hivyo hivyo, Jicho. Tulikuwa wakaguzi wanane kwenye meza moja ndefu, na yeye alikaa mwisho. Kigae tulichokwisha kukipitisha sisi saba, yeye alikiinamisha kidogo kuelekea taa, akakitazama kwa mshazari, ndipo akakiweka kulia au kushoto. Alifanya hivyo miaka ishirini na miwili. Mumewe alikuwa akilalamika kwamba hata sahani za nyumbani haziingii kabatini bila kibali.

Kisha ikaja kamera. Meneja alitwambia waziwazi: ikifaulu majaribio hadi Ijumaa, meza yenu inaondoka, ikishindwa, inarudi kwa aliyeiuza.

Ikaanza kushindwa. Ilikataa karibu kila kigae, na vilivyokataliwa vilikwenda moja kwa moja kusagwa. Sifichi, tulifurahi.

"Ina chongo hiyo!" mpakiaji alipiga kelele. "Mpelekeni mgonjwa akapimwe miwani!"

Fundi wa kamera, bwana mpole wa shati lililonyooshwa, alikuwa anatoka jasho. Jicho peke yake ndiye aliyemwuliza kazi yake inavyokwenda.

"Mama, kamera yoyote haioni sawasawa kila mahali," akamweleza. "Katikati panang'aa, pembeni pana giza. Kwa hiyo kila asubuhi naionyesha kigae hiki cheupe kisicho na doa. Panapoonekana giza, inajua udhaifu ni wake, inapaongezea mwanga. Baada ya hapo picha nzima inakuwa na mwanga mmoja."

"Na hicho cheupe chenyewe kikiwa na doa?"

"Hakina, mama."

Alhamisi, fundi alipokwenda kula, Jicho alichukua kigae kimoja kilichokataliwa akakiweka chini ya kamera. Kwenye kioo cha kompyuta likatokea baka jeupe, chini upande wa kushoto. Akakizungusha kigae nusu duara, upande uliokuwa juu ukawa chini. Baka halikuhama. Nilikuwa nimesimama nyuma yake, nikaelewa pamoja naye: kasoro ya kigae ingezunguka na kigae. Hii ilikuwa ya kamera.

Akakiinamisha kile cheupe kuelekea taa. Palikuwa na alama ya kidole gumba, ya mafuta, hafifu mno. Kamera ilikuwa imelichukulia giza la kidole kuwa udhaifu wake, na tangu hapo ikawa inapamwagia mwanga mahali pale hata kwenye vigae safi.

"Dada, funga mdomo," nikamwambia. "Imebaki kesho tu."

"Kaka, umeviona vinavyosagwa?"

"Ni vya baba yako?"

"Nimevishika mwenyewe. Ni vizima."

"Basi sema hujui kitu."

"Miaka ishirini na miwili, halafu leo ndiyo nianze kutojua?"

Fundi aliporudi akamwita. "Njoo uone kidole chako, baba." Yule bwana alitazama mpaka akaketi. Wakakifuta kwa spiriti, wakaionyesha kamera upya, na mchana ule ule ikaanza kupitisha vigae kama maji.

Jumatatu meza ikatolewa. Sisi saba tulilipwa chetu tukaondoka. Jicho alibakizwa mwezi mmoja amwelekeze fundi, kisha naye akaambiwa asante. Kumlaumu siwezi. Kumsamehe nako bado sijakuweza, na nimejaribu.

Mara ya mwisho kuwaona ni siku niliyorudisha aproni yangu. Walikuwa wameinama pamoja chini ya kamera, fundi ameshika kile kigae cheupe, vidole vimezungushiwa kitambaa cha Jicho.

"Kwenye kingo, baba," alikuwa akimwambia, bila kuinua macho kuniangalia. "Kwenye kingo tu."