Kodi Ipi?

Nakumbuka asubuhi moja pale mpakani Tunduma, mwanangu, nimesimama na simu ya kuazima sikioni, kidole nimezibia sikio la pili kwa kelele za malori, namsikiliza rafiki yangu Nehemia akinieleza maisha ya Denmark. Nimeikumbuka asubuhi hiyo tangu juzi nilipopata ujumbe wako. Umeandika kwamba umepata nafasi ya kwenda Ujerumani kusomea kutunza wazee huku unalipwa, na kwamba mama yako Lusia anasitasita kuuza kiwanja chake ili upate nauli na hela ya kuanzia. Ukamalizia, "Mjomba, wewe umeishi Ulaya, mwambie mama akubali." Nitakujibu. Ila mjomba wako hajui kujibu kwa kifupi, na uzee umeniongezea maradhi hayo, kwa hiyo vumilia.

Wakati ule nilikuwa kijana, nabadilisha hela. Kwacha kwa shilingi, shilingi kwa kwacha, na dola siku nikibahatika kumpata dereva wa mbali. Nehemia tulikuwa tunasimama naye kona moja, mpaka alipooa mwalimu mmoja kutoka Denmark na kuondoka naye. Simu ndiyo kwanza zilikuwa zinaingia kwa wingi, na simu ya nje ya nchi ilimaliza vocha kama ng'ombe anavyomaliza chumvi ya Ivuna. Kwa hiyo tuliongea mbio mbio. Nehemia akanitajia mshahara wa pale alipokuwa anafanya kazi, kiwanda cha kusindika samaki, akasema wanatafuta watu na anaweza kunisemea. Kabla hajafika mwisho wa sentensi nilishauzidisha ule mshahara kwa bei ya siku. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu, na ndiyo ilikuwa ugonjwa wangu. Nilipata shilingi nyingi mno, nikageuka kuangalia kama kuna mtu amenisikia nikiwaza.

"Ila kodi, bwana," akasema Nehemia. "Kodi huku inakula karibu nusu. Ukishatoa kodi, kinachobaki ndiyo chako."

Vocha ikaisha hapo.

Sasa tazama ujinga wangu, mwanangu. Kiswahili chetu kina neno moja, kodi, na neno hilo limebebeshwa mizigo miwili. Kuna kodi inayochukuliwa na serikali, na kuna kodi anayochukua mwenye nyumba. Mimi nilikuwa mpangaji wa chumba kimoja Tunduma, na kila mwisho wa mwezi mama mwenye nyumba alinigongea mlango kwa neno hilo hilo. Ile kodi ya serikali niliiona ni mambo ya wenye maduka na wenye malori. Mimi na bunda langu la noti mfukoni nani angenidai? Kwa hiyo Nehemia aliposema kodi, nilisikia nyumba. Nikaelewa kwamba nusu ya mshahara inalipia mahali pa kulala, na nusu inabaki mfukoni. Tena nilimsikitikia. Nikajisemea, huyu kapanga jumba zima kwa sababu ya mke Mzungu. Mimi nitapanga chumba kimoja, ile nusu itakuwa robo, na robo tatu nitatuma nyumbani.

Ningeweza kununua vocha nyingine nikamuuliza, "Kodi ipi?" Maneno mawili tu. Hela ya vocha nilikuwa nayo. Niliinunulia koti la mtumba, nikaringa nalo pale mpakani kwenye jua.

Wazee walisema kuuliza si ujinga, na aliyenikumbusha hilo alikuwa baba yangu, babu yako, ambaye hukumkuta. Nilipanda gari nikamfuata kijijini kwetu Nanyala. Nilimkuta anapogoa mibuni, nikamweleza habari zangu zote nikiwa nimesimama, maana nilijiona mkubwa mno kukaa chini. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza, "Huko unga wanauzaje?"

"Baba, Ulaya wanakula mkate."

"Haya. Mkate wanauzaje? Na chumba, na kuni za baridi? Hata watoto wa Tunduma wanajua, huvuki mpaka kwenda Nakonde, upande wa Zambia, kufuata sukari kabla hujauliza bei ya pande zote mbili."

Nikacheka. Nikamwambia, "Baba, Ulaya siyo Nakonde."

Alinitazama kidogo, akasema "Haya," akarudi kwenye mibuni yake. Hakuuliza tena. Kicheko kile nakisikia mpaka leo, na kila nikikisikia natamani ardhi ipasuke.

Shamba lile la kahawa alilipanda yeye na marehemu bibi yako wakiwa vijana. Ndilo lililotusomesha mimi na mama yako. Nilimwomba aliuze ili nipate tiketi, viza na hela ya kuanzia, nikamwahidi kwamba baada ya misimu miwili ya kahawa nitakuwa nimelirudisha, na juu yake nitamwongezea lingine. Nilimpigia mahesabu hapo hapo, kwa shilingi. Baba hakuwa mtu wa kubishana na mwanawe mbele ya majirani. Alimuuzia mfanyabiashara mmoja wa Vwawa, akabaki na nyumba na kijishamba cha mahindi nyuma ya nyumba. Siku ya kuondoka aliniombea, akanishika kichwa kwa mikono yote miwili. Ilikuwa inanuka udongo.

Basi nikafika Denmark. Sitakuchosha na habari za baridi, kila aliyekwenda anakuja nazo hizo hizo. Nitakuambia siku ya mshahara wa kwanza. Nilikuwa nimehifadhiwa kwa Nehemia kwa muda, nalala kwenye kochi lake. Nilipoona kilichoingia benki nilikwenda mbio jikoni kwake.

"Nehemia, wamekosea. Wamenipa nusu."

"Hawajakosea. Wameshatoa kodi. Si nilikuambia?"

"Ulisema kodi ya nyumba!"

"Nyumba gani? Hiyo ni ya serikali, ndugu yangu. Ya nyumba bado hujalipa. Utalipa kwenye hicho ulichopata, na mwenye chumba anataka na dhamana ya miezi mitatu kabla hajakupa ufunguo."

Akaanza kucheka, akaniona uso, akanyamaza. Mkewe, ambaye Kiswahili chake kilikuwa cha kuombea chumvi mezani, aliacha kuosha vyombo akanivutia kiti.

Kuanzia siku hiyo ule ugonjwa wangu wa kuzidisha ulinigeukia. Mshahara niliuzidisha kwa furaha. Sasa kila kitu dukani nikawa nakizidisha kwa hofu. Nalishika yai, napiga hesabu kwa shilingi, nalirudisha. Nauli ya basi ya siku moja ingenitoa Tunduma na kunifikisha Mbeya nikarudi na chenji. Lile koti la mtumba halikufaa hata kwa kufungulia dirisha, nikanunua lingine, na viatu. Chumba nilikodi na wenzangu wawili, na mwenye chumba alikuwa anatudai, mbali na kodi, hela ya kupasha nyumba joto. Nilikuwa nakata samaki kutwa nzima, mimi mtu wa milimani niliyekuwa nikimjua samaki akiwa amekaushwa tayari, na mwisho wa mwezi kilichobaki mkononi kilikuwa kidogo kuliko nilichokuwa nikibakiza pale kona yetu ya mpakani. Hilo ndilo liliniuma zaidi. Mali bila daftari huisha bila habari, na mimi niliyejiita mtu wa hesabu nilikuwa nimeandika upande mmoja tu wa daftari.

Sitaki uichukie nchi ile. Hawakunidanganya hata kidogo. Mwaka wa pili nilishikwa na kifua, nikalazwa, nikatibiwa na kuruhusiwa, na nilipouliza nilipie wapi, muuguzi alicheka akasema nimeshalipa. Ndipo nikaelewa ile kodi inakwenda wapi. Vyaelea vimeundwa, mwanangu, na wao wanaviunda kila mwezi kwa mishahara yao. Kosa lilikuwa la kwangu, la kutouliza, na la kumcheka aliyeuliza.

Ningesema ukweli nyumbani, pengine tungepanga jambo. Sikusema. Nilituma vihela vya hapa na pale na picha nimesimama kwenye theluji, nikiwa nimetabasamu kama mtu aliyeshiba. Misimu miwili ya kahawa ikapita. Ukapita na wa tatu.

Ndipo mama yako akanipigia. Alikuwa msichana bado, wewe hata kwenye mawazo hukuwepo. Akasema baba anaomba, kama ninayo, hela kidogo ya kodi.

Nikamuuliza, "Kodi gani tena? Baba si ana nyumba yake?"

Akasema, "Kodi ya shamba, kaka. Amelikodi lile la kwetu."

Nilikaa chini kwenye ngazi za jengo tulilopanga, watu wakawa wananiruka. Yule bwana wa Vwawa hakuwa mtu mbaya. Aliona mibuni inakufa kwa kukosa mkono wa anayeijua, na baba aliona hawezi kupita kila siku kando ya mibuni yake ikifa. Wakakubaliana. Mzee wangu akawa analima kwa kodi shamba alilolipanda mwenyewe. Kila baada ya mavuno anavaa shati lake la kanisani anapeleka hela Vwawa. Na mimi nilikuwa ndiyo kwanza nauliza, kodi gani.

Utasema, kwa nini hukurudi? Maji nilikuwa nimeyavulia nguo. Nilikaa, nikajinyima, nikafanya na kazi ya usafi asubuhi kabla ya kiwanda. Niliporudi miaka ilikuwa imepita, na mkononi nina hela ambazo zamani zingetosha. Lakini ardhi iliyo kando ya lami kama ile haimsubiri mtu. Bei ilikuwa imepanda mara nyingi, na yule bwana wa Vwawa hakutaka kuuza. Baba alinichinjia kuku. Alinitazama, akasema, "Umepungua." Hakunirudishia maneno yangu ya Nakonde, wala siku ile, wala siku nyingine yoyote mpaka Mungu alipomchukua. Afadhali angenirudishia. Alikufa akiwa mpangaji wa kahawa yake, na mimi ndiye niliyempangisha. Naliandika hivyo hivyo lilivyo, kwa sababu hakuna namna nyingine ya kuliandika. Majuto ni mjukuu. Wangu ameshakua mkubwa, nakaa naye nyumba moja.

Sasa nasaha yangu, mwanangu, na uisome polepole, maana ninyi mnasoma ujumbe huku mnatembea.

Sikukatazi kwenda. Kazi ya kutunza wazee ni kazi ya heshima, na mimi mwenyewe siku hizi nikinyanyuka kitini nalijua hilo. Lakini usiuzidishe mshahara wao kwa shilingi zetu. Hela ya mahali hupimwa kwa mkate wa mahali hapo. Uliza mji wenyewe utakaokaa, si Ujerumani kwa jumla, maana hata hapa chumba cha Tunduma si bei ya chumba cha kijijini Ivuna. Uliza mshahara ni wa kabla ya makato au baada, bima inakatwa kiasi gani, dhamana ya chumba ni ya miezi mingapi, joto na umeme vimo ndani ya kodi au viko mbali. Na kipindi unasoma lugha, kabla hujaanza kulipwa, utakula nini? Muulize mtu anayeishi huko leo, tena muulize akiwa hana haraka. Akikuambia kodi, mkatishe hapo hapo, hata kama ni mkubwa wako: kodi ipi? Halafu weka upande huu gharama za hapa na upande ule gharama za kule, uone kitakachobaki. Kikibaki, nenda. Kisipobaki, kukaa si aibu, na atakayekucheka hatakusaidia kulipa.

Na kuhusu kiwanja cha mama yako. Sitamshawishi. Nitakuambia kwa nini, na hili ndilo nililotaka kukuambia tangu mwanzo. Mama yako ameshakuuliza swali moja, umeniandikia mwenyewe kwamba alikuuliza huko utaishije ukamjibu, "Mama, usijali." Hatakuuliza la pili. Namjua, nimelelewa naye. Atanyamaza, atasema haya, atauza. Watu wanaotupenda hivyo huuliza mara moja tu, kisha hukubali, na sisi tunadhani tumewashinda kwa hoja. Baba hakushindwa na hoja zangu. Alishindwa kuninyima. Kwa hiyo yale maswali ambayo mama yako hatayarudia, jiulize wewe kwa niaba yake, umpelekee majibu, ukae chini unapompa. Akishayasikia yote na bado akataka kuuza, nitakuja kusimama kama shahidi wa mauziano, na sitanung'unika.

Mungu wa babu yako akutangulie, mwanangu. Akupe mwajiri mkweli, chumba kisichovuja, na mtu wa kukuvutia kiti siku utakayolemewa. Uende salama, na siku utakayorudi, ukute kwenu bado ni kwenu.