Pita Huku Nyuma, Jikoni

Usiku ule Annis Ashworth hakuvua viatu. Alikaa jikoni kando ya dirisha, shali mabegani, macho yakiwa kule chini kwenye duka la Thackray, ambako ndiko kulikuwa na simu ya mtaa mzima. Audrey, binti yake wa pekee, alikuwa ameshikwa na uchungu tangu mchana, juu huko kwenye nyumba mpya za mlimani. Clive, mume wa Audrey, aliahidi kupiga simu mtoto akizaliwa. Mzee Thackray naye aliahidi kuacha taa ikiwaka dukani. Habari ikija, ataizima taa na kuiwasha.

"Njoo ulale," Wilf, mumewe, aliita kutoka chumbani juu. "Mtoto hatoki haraka kwa sababu wewe umekodoa macho."

"Lala wewe. Hata siku niliyomzaa Audrey wetu ulilala."

"Nilikuwa zamu!"

"Ulikuwa kule ng'ambo kilabuni, Wilf."

Kitanda kikalia, Wilf akijigeuza upande.

Uchungu haukumtisha sana Annis, maana wanawake huzaa. Kilichomkereketa ni kwamba hakuwa pale. Mama yake Clive, Bi Pemberton, alikuwa amekuja kutoka kusini na sanduku lake, akasema atakaa mwezi mzima, mkunga anatosha, na watu wengi chumbani huleta vijidudu. Vijidudu! Kwa Annis, ambaye kizingiti chake kilisuguliwa kila Ijumaa mpaka jiwe likabonyea katikati!

Annis hakuwa mtu wa makuu. Aliingia kiwanda cha kufuma akiwa na miaka kumi na tatu, akajifunza kuangalia nyuzi, na hakuacha kuangalia tena: pazia la jirani lililochelewa kufunguliwa, kikohozi cha mtoto wa mtu, mkwe anayejibu kabla ya mkewe kuulizwa. Shuleni hakukaa sana. Lakini alijua kusema na watu wa Harrowclough, na watu wa Harrowclough hawataji mahali kavukavu. Mji wao umening'inia ukingoni mwa bonde kama nguo kwenye kamba, kwa hiyo kila kitu kiko juu au chini ya kingine, upande huu au ng'ambo. Mtu hasemi yuko kanisani. Yuko kule ng'ambo kanisani. Hasemi ameacha mwavuli kwa shangazi. Ameuacha juu huko kwa shangazi. Neno la kwanza linakugeuza uso, la pili linakufikisha. Ukimpa mtu la pili peke yake, atakutazama kama umempa chai bila kikombe.

Bi Pemberton aliyasikia maneno hayo mara ya kwanza Audrey alipomjibu kwamba Clive yuko nje huko uani.

"Uani ni nje siku zote, mpenzi," alisema akicheka kwa upole. "Neno moja linatosha."

Annis alikuwepo. Aliona masikio ya Audrey yakigeuka mekundu. Tangu siku hiyo, mbele ya mama mkwe wake, Audrey alikata maneno yake kama mtu anayekata kucha: uani, dukani, kwa mama. Wilf alisema hilo si jambo, vijana hubadilika. Annis alikaa nalo moyoni. Aliona mwanawe anahamishwa kidogo kidogo, na anayehamishwa polepole hapigi kelele.

Kulipopambazuka taa ya Thackray ilizimika, ikawaka. Annis alishuka mtaa ule kwa viatu alivyokesha navyo.

"Msichana," Clive alisema kwenye simu. Sauti yake ilikuwa imechoka. "Wazima wote wawili."

"Mungu ashukuriwe. Nakuja sasa hivi."

"Aa... Mama yangu anaonelea wageni waje Jumapili, mama. Baada ya chakula cha mchana."

"Wageni?"

"Ni namna tu ya kusema."

Annis aliweka simu chini taratibu. Mzee Thackray alikuwa anajifanya anapanga makopo.

"Msichana?"

"Msichana."

"Mbona uso umekunjamana hivyo? Au umeambiwa ni ndama?"

"Nipe unga, Thackray, na uache uchunguzi."

Alipika pai ya nyama na viazi, kwa sababu mzazi hali vijidudu, anakula chakula. Akaifunga kwa taulo, akaivika kofia ya gazeti juu, akapanda mlima. Wilf alimwita kutoka mlangoni, "Subiri Jumapili tu, mwanamke! Utaanzisha vita!"

"Vita vimeshaanza. Mimi nachelewa tu kufika."

Nyumba mpya zilikuwa na milango ya mbele iliyopakwa rangi nzuri, yenye kengele. Annis hakuigeukia. Huko bondeni mlango wa mbele hufunguliwa kwa kasisi, kwa polisi na kwa jeneza. Bibi harusi hutokea hapo mara moja, akiwa na bahati. Watu wengine wote huzunguka nyuma, husukuma mlango bila kubisha, na huwa wameshavuta kiti kabla ya kusalimia. Anayepita mbele ni mgeni. Annis alijua vizuri kwamba akibonyeza kengele ile leo, siku ya kwanza ya mjukuu wake, ataibonyeza maisha yake yote. Ataketi sebuleni magoti yakiwa pamoja, na mtoto ataletwa kuonyeshwa kwake kama sahani ya kaure.

Alizunguka nyuma. Akasukuma mlango. Haukusogea.

Dirisha la jikoni lilifunguka kidogo, uso wa Bi Pemberton ukatokea.

"Bi Ashworth! Tulidhani Jumapili. Lakini karibu, pita mbele, nitakufungulia."

"Nimefika hapa nyuma, asante. Nitapitia hapa."

"Mlango huo hatuutumii. Una friji nyuma yake."

"Basi isogezeni."

Bi Pemberton alicheka, akidhani ni mzaha. Alipoona si mzaha, cheko lilikauka. "Mlango wa mbele uko wazi kabisa, Bi Ashworth. Ni hatua chache tu."

"Huo ni wa kasisi, polisi na jeneza. Nitazame vizuri uniambie mimi ni yupi."

Mvua ikaanza, ile nyembamba isiyo na sauti. Annis alikaa juu ya sanduku la makaa, pai mapajani.

"Utalowa!"

"Mimi ni wa Harrowclough. Nililowa nikiwa tumboni."

Jirani wa upande wa pili alitoka kuanua nguo zilizokwishaanuliwa. Annis alimtikisia kichwa. Pai ilikuwa inapoa. Aliwaza: na kama Audrey mwenyewe ndiye aliyetaka Jumapili? Mtu hawezi kulazimisha mlango ambao mwanawe ameufunga kwa mkono wake. Nusura ainuke.

Ndipo pazia la dirisha la mwisho liliposogea. Audrey alikuwa amesimama nyuma ya kioo, nywele zimemshikana usoni, kifurushi cheupe begani. Midomo yake ikaanza kucheza bila sauti.

Wafumaji wote wa bonde lile husema hivyo. Mitambo inaponguruma humsikii hata anayekugusa bega, basi mnasoma midomo, mnakopeshana sukari na kusengenyana kutoka mwisho mmoja wa kiwanda hadi mwingine. Audrey hakufanya kazi kiwandani hata siku moja, lakini alijifunza mezani kwa mama yake, kama watoto wengine wanavyojifunza kuimba.

*Mama. Wamenilaza huku nyuma chumbani. Niliambiwa umekubali Jumapili.*

*Nani kasema?* midomo ya Annis ilijibu.

*Yeye. Nimelia tangu alfajiri, nilidhani uko kule chini nyumbani umenikasirikia.*

*Nilikuwa dirishani usiku kucha na viatu miguuni, mjinga wewe.*

Bi Pemberton alishika ukingo wa dirisha la jikoni. "Unaongea na nani?"

"Na mwanangu."

"Mimi sikusikia kitu!"

"Hukukusudiwa."

Audrey alitoweka dirishani. Annis akasikia mlango wa ndani, kisha sauti ya bintiye, nene, isiyokatwa kucha.

"Clive! Njoo huku nyuma jikoni uondoe hii friji!"

"Audrey, hutakiwi kusimama," Bi Pemberton alisema. "Na mama yako anaweza kabisa kuzunguka kama watu—"

"Mama yangu yuko nje huko uani kwenye mvua, na hatazunguka. Ningekuwa yeye nami nisingezunguka. Clive!"

"Ina maziwa ndani," Clive alilalamika. "Yatamwagika."

"Acha yamwagike!"

Miguu ya friji ikakwaruza sakafu mpya. Bi Pemberton alilia kidogo kwa ajili ya sakafu. Komeo likagoma, likapigwa na kitu, likatoka. Lakini rangi ilikuwa imeugandisha mlango kwenye fremu tangu mafundi walipoondoka.

"Umekwama, mama!" Clive aliita kutoka ndani.

"Vuta. Mimi nasukuma."

Annis aliweka pai juu ya sanduku la makaa, akajifunga shali vizuri, akaegemeza bega lililobeba miaka thelathini na tisa ya mitambo. Rangi ikapasuka kwa mlio mkali. Mlango ukaachia kiasi cha mtu kupita kiubavu, na katika upenyo ule kulikuwa na Audrey, peku, na mtoto aliyekuwa anapiga miayo.

Annis akachukua pai yake, akaitanguliza ndani.