Pikapu Iliyokataa Kusimama Langoni

Afadhali niwaambie mwenyewe kabla hamjaisikia kwa shangazi zangu, kwa sababu wao hutia chumvi na hii haihitaji: siku ya kwenda kwa wakwe wa kaka yangu Kevin, mimi ndiye niliyewashusha watu wazima kwenye gari wakiwa na suti zao, wakasukuma.

Tunakaa mtaa wa mjini uitwao West Indies, na pikapu ya Anko Barasa imenizidi umri. Ufundi nimejifunza mwenyewe, kwa video na kwa kufungua vitu ambavyo hakuna aliyeniomba nifungue. Wiki hiyo klachi ilikuwa imelegea, ukiikanyaga inazama hadi chini na gia ya rivasi inalia vibaya, na asubuhi ya safari nikasema niachieni mimi. Na tatizo nililipata! (Naomba hili likumbukwe.) Nilichungulia juu ya pedali, kukavu, hakuvuji, nikalala chini ya gari, nikakuta ile silinda ndogo iliyo kando ya giaboksi inavuja mafuta ya klachi. Nikabadilisha raba yake, Kevin akanikanyagia pedali nikitoa hewa, klachi ikarudi ngumu, safi kabisa. Mtu mwenye akili angefunga boneti hapo akaenda kuoga.

Mimi nikaona kipovu kwenye mpira wa kutolea hewa. Kimoja tu.

"Nafula, imetosha," Kevin akasema. Nikamwambia aende avae, mimi namalizia. Nikaacha nati ya kutolea hewa wazi, mpira umezama kwenye chupa, nikawa napampu pedali peke yangu, nashuka kuchungulia povu, napanda tena kupampu, na katika kuchungulia kote huko sikuchungulia kikopo cha juu kinachoilisha klachi mafuta. Kilikuwa kimekauka. Yaani nilikuwa naingiza hewa kwa bidii ile ile niliyotumia kuitoa. Pedali ikalala chini, haikuinuka. Mafuta mengine sikuwa nayo, na shangazi walikuwa tayari wanapanda nyuma na kreti za soda.

"Imekubali?" Anko akauliza akiketi mbele kando yangu, maana dereva ni mimi, na kofia yake ya siku kubwa.

"Iko sawa," nikasema. (Heri ningekufa kuliko kusema niliiharibu baada ya kuitengeneza.)

Gari linaweza kwenda bila klachi, video zinaonyesha: unaweka gia ya kwanza, unapiga stata, linaondoka kwa kuruka, gia zingine unaziingiza kwa kusikiliza injini. Kusimama na kuondoka tena mlimani hawaonyeshi. Hadi Soy, kwa kina Chebet, mchumba wa Kevin, niliomba Mungu kwenye kila tuta, na Anko aliposema tusimame anunue maji nilimwambia tutachelewa.

Sasa, kwa wakwe huingii tu. Mnazima gari nje ya lango, mnashuka, mnaimba mpaka wenyewe waridhike wawafungulie. Lango lenyewe lilikuwa juu ya mlima, betri yetu naijua ilivyo dhaifu, nikajua nikizima hapo siondoki. Nje kulikuwa na uwanja wa nyasi. Nikazunguka. Nikapita lango, nikazunguka tena. Shangazi wakadhani ni mtindo wa mjini, kila tukifika langoni wanaanza wimbo upya, na wanawake wa ndani wanaitikia, halafu huyoo, tumeondoka.

"Wageni!" mmoja akaita juu ya ukuta. "Mnashuka ama mmekuja kutuangalia?"

"Nafula, simamisha!" shangazi Rose akapiga paa.

"Nakuja!" (Nakuja wapi?)

Kevin akainama kutoka nyuma, akachomoza kichwa dirishani kwangu, jasho tele. "Chebet amenipigia. Anauliza kama nimebadilisha nia. Babake ameanza kurudi ndani."

Hapo nikakiri. "Anko, gari halina klachi."

"Tangu wapi?"

"Tangu nyumbani."

Akavua kofia, akaitazama, akaivaa tena. "Zima."

Nikazima. Gari likaruka, soda zikagongana, na lango likafunguliwa kwa vigelegele. Nikapiga stata, ikakohoa, ikanyamaza. Basi wakasukuma: Kevin, Anko, wajomba wote na viatu vya kung'aa, shangazi wakiimba kwa sauti zaidi kuficha aibu, hadi akina mama wa upande wa pili wakajifunga leso kiunoni wakaja kusaidia. Mimi niko kwenye usukani, naongoza, kama malkia.

Babake Chebet akaja dirishani. "Huyu dereva ni nani?"

"Ni dada yangu, Mzee," Kevin akajibu akihema, tope hadi magotini. "Ndiye fundi wetu."

Mzee akaniangalia mikono, bado nyeusi. "Binti tutawapa," akasema taratibu. "Lakini hatapanda hili gari."

Walicheka mpaka mmoja akakaa chini kwenye nyasi. Mimi pia nilicheka, machozi yakitoka, na si yote yalikuwa ya kicheko.

Sasa tunapanga harusi, na kila mtu amepewa kazi. Yangu aliitangaza shangazi Rose: "Nafula atakaa tu, na mikono tuione." Anko alishaongeza mafuta, hewa ikatolewa, klachi ni ngumu, nzuri. Nimeapa kwamba kitu kikipona nitafunga boneti na kuondoka. Lakini jana niliikanyaga, nikahisi kuna kipovu kimoja mahali fulani.

Sitakigusa.