Mtaro Uliopita Sebuleni

Dada wa baba yangu, ambaye sisi humwita Waya kama Waluo wengine wanavyowaita shangazi zao, aliishi nami Migosi, mjini Kisumu, kwa miaka kadhaa baada ya ziwa kuingia nyumbani kwake. Chumba tulichompa kilikuwa na dirisha linalotazama ukuta wa jirani. Hakuwahi kulilalamikia. Alilalamikia maji ya mfereji, aliyosema yana ladha ya dawa, na samaki wa sokoni, na majirani wanaofunga geti mapema na kusalimiana kwa kupiga honi. Kuhusu mtaa wake wa zamani, kule chini ufuoni, hakusema kitu. Siku aliyohama alisimama kwenye maji yaliyomfika magotini akaapa mbele ya watu kwamba hatarudi hata ziwa likikauka. Mimi nilikuwa nimejitwika godoro lake, nikasikia.

Mjini watu waliuita mtaa ule "kule chini" tu, na kila mtu alijua ni wapi. Mtu wa huko akitafuta kazi alitaja mtaa mwingine. Lori la taka halikufika, bomba la maji liliishia barabarani, na maji machafu ya mitaa ya juu yaliteremka yakatuama katikati ya nyumba za udongo na mabati. Baba alipokwenda kumsalimia dada yake alivaa viatu vyake vikuukuu, akirudi akaviacha nje ya mlango. Siku moja Waya, akiwa amekuja kwetu, alimwona akivichagua.

Mimi hutengeneza miwani katika duka moja mjini. Mwenye duka ni Mhindi aliyezaliwa hapahapa Kisumu, na Dholuo yake ni safi kuliko ya wanangu. Jumatatu moja alinionyesha picha kwenye simu yake. Alikuwa amewapeleka wajukuu zake Jumapili kula samaki mahali ambapo, alisema, siku hizi kila mtu anapazungumzia. Niliona kuta za njano, milango ya bluu, ndoo zilizopandwa maua, na wajukuu wake wamesimama mbele ya ukuta wa kijani wakicheka. Nilihitaji muda kutambua ni wapi. Nilimwomba anitumie picha hizo.

Jioni nilimpa Waya simu.

"Hii ni wapi?"

"Kwako, kule chini."

"Kwangu hakukuwa na rangi."

Aliikuza picha kwa vidole viwili, akaisogeza huku na huku kama mtu anayetafuta sindano mkekani. Kisha akanirudishia simu na kuendelea kuchambua omena, dagaa wa ziwani. Jumamosi asubuhi nilimkuta sebuleni amevaa gauni lake la kanisani, mkoba uko mapajani.

"Leo hakuna kanisa," nikamwambia.

"Najua. Nipeleke."

Tulichukua tuktuk. Tulipofika mwisho wa lami, dereva aligeuka nyuma. "Naingia kijani ama njano?"

"Mimi naenda kwangu," Waya akasema. "Hiyo kijani ni yako."

Dereva alicheka, akatueleza. Mtaa haukuwa na namba za nyumba wala majina ya vichochoro. Mama mmoja alishikwa na uchungu wa kuzaa, na gari lililotumwa kumchukua lilizunguka kwa muda mrefu bila kuona njia, mama akajifungulia nje. Baada ya hapo wenyeji walikubaliana kila kichochoro kiwe na rangi yake. Rangi zilikuwa mabaki, walizoomba kwa mafundi waliokuwa wakijenga mjini. Ndiyo maana njano ilikuwa ya aina nyingi: nyingine kama yai, nyingine kama haradali, nyingine karibu nyeupe.

"Sasa ukiwa mgonjwa unasema njano, nyumba ya nne, na mtu anakuja," dereva akasema. "Wageni wanafikiri tulipaka tupendeze."

Akatushusha palipoanza njia ya mawe. Zamani hapo palikuwa na tope la kudumu, la kuvukwa kwa kurukaruka juu ya matairi. Chini ya paa refu la mabati wanawake walikuwa wakikaanga samaki, na watu wa mjini wameketi kwenye mabenchi wakisubiri. Nyuma yao ziwa lilikuwa limefunikwa na magugumaji hadi mbali. Korongo wale wakubwa wenye upara walikuwa bado wapo, wamesimama kando ya matumbo ya samaki, na harufu ilikuwa ileile. Waya alivuta pumzi kwa nguvu. Sikujua kama ni kwa kupenda au kwa kujiandaa.

"Nyar Sondu!"

Aliyeita ni mwanamke mnene aliyekuwa kwenye karai la kwanza. Yeye na Waya walikuwa majirani, ukuta kwa ukuta, tangu walipoolewa. Kwa kuwa Waya alizaliwa upande wa Sondu, wanawake wa rika lake hapo mtaani walimwita hivyo, yaani binti wa Sondu. Mwanamke yule alimkumbatia huku mikono yenye mafuta ameinyoosha mbali ili asichafue gauni. Alilia waziwazi. Waya hakulia. Alimpigapiga mgongoni, akasubiri amalize.

"Nataka kuona kwangu," akasema.

Jirani alianza kujifuta mikono kwa kanga, kidole kimoja kimoja. "Kaa kwanza. Kula."

"Nitakula nikishaona."

Tulifuata kichochoro cha njano. Nilitambua nyumba ya jirani kwa ngazi yake ya saruji iliyovunjika pembeni. Baada yake palitakiwa kuwa na nyumba ya Waya. Palikuwa na mtaro. Ulikuwa mpana, umejengwa kwa mawe pande zote mbili, na maji yalipita ndani yake bila haraka kuelekea ziwani. Juu yake kulikuwa na daraja dogo la mbao.

Waya alitazama kushoto, kisha kulia.

"Nyumba yangu iko wapi?"

"Unaiangalia," jirani akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo.

Mtu mmoja alikuwa amekwenda kumwita mwenyekiti wa wenyeji, fundi wa mawe ambaye Waya alimfahamu tangu akiwa kijana. Alikuja na mwiko mkononi, akasalimia, akasimama upande wa pili wa mtaro. Alieleza bila kuzungukazunguka. Maji yalipopungua na watu wakarudi, walikuta ukuta mmoja wa nyumba ya Waya umelala chini. Hapo ndipo palipokuwa chini kuliko kote, na ndipo maji yote ya mtaa yalipokuwa yakitaka kupita tangu zamani. Walichimba wenyewe, wanaume asubuhi na wanawake jioni, wakabeba mawe kwa mikokoteni.

"Mlinitafuta?" Waya akauliza.

"Hapana, Mama."

"Niko Migosi. Migosi si Uganda."

"Hatukukutafuta. Ulisema hurudi. Tulisikia sote."

"Nilisema kwa hasira."

"Sisi tulisikia maneno. Hasira yako hatukujua ni ya muda gani."

Watu wawili watatu walikuwa wamesimama milangoni. Nilitarajia Waya apige kelele au alie, na nilikuwa nimejiandaa kwa yote mawili. Nilikuwa hata nimepima kwa macho umbali wa kumrudisha barabarani. Yeye alivua miwani niliyomtengenezea, akaifuta kwa pindo la kitambaa cha kichwa, akaivaa tena.

Akaingia darajani. "Hapa ni mlango," akasema. Akapiga hatua. "Hapa kiti cha marehemu mume wangu." Akaelekeza kidole kwenye maji. "Mmepitisha sebuleni."

"Ndiyo, Mama," mwenyekiti akasema.

"Na jikoni?"

"Jikoni ndipo hapa ukingoni niliposimama mimi."

Akamgeukia jirani yake. "Mvua ya juzi ilikufikia?"

"Ilinyesha siku nyingi mfululizo," jirani akajibu. "Nililala kitandani kwangu. Tangu niolewe, sikuwahi kulala kitandani mvua ikinyesha vile. Nilikuwa nasikia maji yanapita kwako, nikakukumbuka, nikaona aibu, nikalala tena."

Waya aliitikia kwa kichwa taratibu. Nyuma yetu familia moja kutoka mjini ilituomba tusogee kidogo wapige picha ya ukuta. Tulisogea. Msichana alikaa kwenye ngazi iliyovunjika, akatabasamu, akapigwa picha mara nyingi. Walipoondoka, Waya aliona kitu kwenye maji. Ulikuwa mfuko wa plastiki uliojaa mifupa ya samaki, umenasa kwenye mawe.

"Nani ametupa hii?"

"Wageni," mtu akasema kutoka mlangoni. "Hawajazoea."

Akanipa mkoba. Akavua viatu, akakunja gauni la kanisani hadi magotini, akashuka mtaroni akishikilia mawe. Nilimnyooshea mkono, hakuushika. Aliunasua ule mfuko, akasonga mbele akatoa chupa mbili na ganda la mua, akavirusha ukingoni karibu na miguu ya mwenyekiti.

"Kwangu hakutupwi taka," akasema.

Mwenyekiti alianza kucheka. Alipomtazama usoni akaacha, akainama akaviokota.

Baadaye tulikula. Walituletea samaki mkubwa wa kukaanga, ngege, sukuma wiki na ugali, na Waya alikula hadi akabakiza uti wa mgongo tu. Mwenyekiti alisema kuna chumba kitupu kichochoro cha bluu, kwamba kikundi cha wenyeji kinaweza kumpa bila maneno mengi.

"Bluu?" Waya akasema. "Mimi si wa bluu."

Tulirudi Migosi na hakulizungumzia jambo hilo tena. Mke wangu aliniuliza kilichotokea nikamweleza, akasema tuwadai wenyeji fidia. Nilimpelekea Waya wazo hilo. Alinitazama kana kwamba nimezungumza kwa lugha ya mbali, akauliza kama kuna chai.

Jumamosi iliyofuata alikwenda mwenyewe, amevaa gauni la shamba na ndala. Alirudi jioni akinuka tope na moshi. Akawa anakwenda kila Jumamosi. Kisha akaanza kulala kwa jirani yake Ijumaa ili, alisema, asipoteze asubuhi njiani. Nguo zake zilipungua kabatini polepole, na hakuna siku ambayo naweza kusema ndiyo aliyohama. Jirani aliondoa nyavu katika chumba cha nyuma, wakakipaka njano ile ya haradali.

Siku hizi nikienda humkuta darajani au karibu nalo. Wakaangaji wameweka mapipa ya taka kwa ajili yake, au kwa sababu yake. Wageni humpiga picha wakidhani ni sehemu ya mtaa, naye huwauliza wanatoka wapi na kama kwao wana mtaro. Wapo pia watu wanaokuja na magari mazuri wakiulizia viwanja, na mikutano ya wenyeji imekuwa mirefu. Mwenyekiti aliniambia Waya huhudhuria yote, hukaa mbele, na huuliza swali moja kila mara: ni nani hajaitwa?

Mara ya mwisho nilipokwenda ilikuwa baada ya mvua. Mtaro ulikuwa umejaa karibu na ukingo, maji ya kahawia yakienda kwa kasi, na watu walikuwa wametoka nje kuyatazama yakipita. Waya alikuwa na ufagio wa chelewa. Nilimsalimia, nikamuuliza kama analala vizuri.

"Nalala," akasema. "Sogea, umesimama njiani."

Nilisogea. Mtu alipita na mkokoteni wa mawe.