Mikono ya Kanzu ya Mjomba

Kila nikifungua sanduku la nguo, harufu ya udi hunipiga kwanza, kisha naiona kanzu ya mjomba. Mjomba wangu, ndugu yake mama, aliwahi kujidunga dawa za kulevya. Alipoacha, nyanya alimshonea kanzu ya mikono mirefu ili makovu ya sindano yasitirike, akatukanya tusiyataje nje.

Siku moja ustadhi alimwita madrasani kwetu, Msambweni, aje azungumze nasi. Nilijikunyata mkekani nikiomba asinitazame. Mjomba alitoa salamu, akaketi, kisha akaukunja mkono wa kanzu polepole mpaka kiwikoni.

"Tazameni vizuri, wanangu," alisema. "Aliyenionjesha hakuwa adui yangu. Alikuwa rafiki niliyekuwa nikila naye sinia moja, nami niliona haya kumkatalia. Ninyi msione haya."

Msichana aliyekaa ubavuni mwangu akaninong'oneza, "Huyu ni mjomba wa nani?"

Sikumjibu kwa kunong'ona. Nilisimama, nikasema kwa sauti iliyofika mpaka barazani, "Ni mjomba wangu mimi."